Kasha la Nyungunyungu

Jumamosi ile soko la Mbinga lilijaa mpaka watu walipita kwa kusukumana mabega. Yalikuwa majira ya kuuza kahawa, na miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia na mizani zao, kwa hiyo kila aliyeshuka kutoka milimani alikuwa na jambo la kubishania. Katikati ya kelele hizo Nazari alisimama juu ya robota la mitumba, amevaa suruali ya kodrai na shati jekundu lenye kola pana, akipunga gauni la maua juu ya vichwa vya wateja.

"Chagua mama, chagua dada! Tazameni pindo hili! Fundi gani wa Mbinga anaweza pindo kama hili? Akitokea, nakula robota zima na kamba zake!"

Watu walicheka. Hedwiga hakucheka. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka lililoelekeana na soko, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amefunga kitambaa cheusi cha msiba kichwani na futi ya kupimia imening'inia shingoni kama rozari. Alipenya katikati ya watu, akalichukua lile gauni mkononi mwa Nazari, akaligeuza nje ndani.

"Pindo limeshonwa kwa uzi mmoja," alisema. "Ukivuta hapa, linafumuka lote."

Akavuta. Likafumuka lote.

"We dada! Una wazimu?"

"Anza kula robota. Kamba utamalizia."

"Sasa hili gauni nani atalinunua?"

"Mrudishie mwenyewe. Si kafa Ulaya? Mpelekee huko huko kaburini."

Wanawake walipiga vigelegele. Nazari aliruka chini, uso umemwiva kwa hasira. "Na wewe umefiwa na nani, mpaka ugombane na nguo?"

"Na mama," Hedwiga akajibu, akamtupia gauni kifuani, akaondoka.

Nazari alikuwa mtu wa Lituhi, kando ya ziwa, na watu wa kwao hawakosi neno. Siku ile alilikunja gauni tu. Jumatatu asubuhi alipanda barazani kwa Hedwiga, gauni likiwa limekunjwa chini ya kwapa.

"Shona ulichofumua."

"Hujasema pole."

"Pole ya gauni au ya mama?"

Hedwiga alimkazia macho.

"Ya mama," Nazari akasema kwa sauti ya chini. "Pole."

"Weka hapo. Na uondoke, unaniziba mwanga."

Ndivyo walivyoanza. Nazari alileta kila nguo iliyompwaya mteja, Hedwiga akaipunguza huku akiitukana. Alimwambia mitumba yake inawaua mafundi njaa. Nazari alimwambia wanaowaua mafundi njaa ni mafundi wenyewe, wanaochukua kitambaa cha Pasaka na kukirudisha Krismasi. Mwenye duka alidhani siku moja watapigana. Lakini siku Nazari alipokwenda Songea kufuata mzigo, Hedwiga alijichoma sindano kidoleni mara mbili, na aliporudi akamwambia, "Mji ulikuwa umetulia. Ungebaki huko huko."

"Mpenzi, umenikumbuka."

"Mpenzi wako ni hilo robota."

"Robota halina macho kama hayo."

Hedwiga akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kikamshtua mwenyewe, akaziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa akishona.

*

Siku ya matanga, baba mdogo wa Hedwiga, mzee Mansuetus, alikuwa amesimama mbele ya ukoo huko Litembo na kusema juu ya shamba la kahawa la marehemu Walburga, mama yake Hedwiga.

"Ushirika haukopeshi tena mbolea. Kahawa bila mbolea ni kuni. Mvua ya kwanza ikianguka nang'oa, nachimba mashimo ya ngolo, napanda mahindi."

"Nikileta mbolea, baba mdogo?" Hedwiga aliuliza.

"Ukileta, utie. Usipoleta, nyamaza."

Mama yake alizikwa ndani ya kahawa hiyo, katikati ya miti mikongwe aliyoipanda alipoolewa. Kila Hedwiga alipofumba macho aliona jembe la mzee Mansuetus likifika pale.

Alimwambia Nazari habari hiyo mchana mmoja, akikata uzi kwa meno. Nazari hakumbembeleza.

"Mbolea ya dukani huiwezi. Fuga nyungunyungu."

"Nifuge nini?"

"Nyungunyungu. Mama yangu ana chungu kilichopasuka mdomo, kipo nyuma ya mlango. Anafuga chambo. Kiangazi ardhi ikikauka, wavuvi wote wanachimba wanakosa, sisi tunachota chunguni. Na ule uchafu mweusi unaobaki chini anautia kwenye mchicha. Mchicha wake unafika hapa." Akagusa kifua chake.

"Mchicha au uongo?"

"Lete kasha, utaona."

Jumapili baada ya misa Hedwiga alivaa kitenge cha kazi, na Nazari akaja chumbani kwake, katika nyumba ya Mama Ephrasia, amebeba kapu la maganda kutoka kwa akina mama wauza viazi.

"Wanaume wengine huleta kanga," Hedwiga alisema.

"Kanga utakula? Shika nyundo."

Walitoboa matundu chini ya kasha la mbao lililokuwa la sabuni, wakalipandisha juu ya matofali karibu na cherehani ya akiba, na chini yake wakaweka sinia kuukuu la kukinga maji. Walichana magazeti na maboksi vipande vyembamba, wakavilowesha, wakavikamua kama tambara la kudekia hadi yakabaki matone mawili matatu. Wakavitia vimelegea, wakanyunyiza konzi ya udongo. Nyungunyungu Nazari aliwatoa chini ya lundo la samadi ya ng'ombe, wembamba, wekundu.

"Wale wakubwa wa kijivu wa shambani waache, hao hawakai kwenye kasha. Maganda wape kidogo, uyafukie pembeni. Wakimaliza, wape tena. Ndizi, viazi, majani ya chai. Chumvi hapana, pilipili hapana, limao hapana. Dagaa usithubutu, utanuka mpaka polisi waje. Juu funika gunia bichi, wanapenda giza. Na usishindilie. Wanapumua, kama wewe."

"Kwa nini wasikae nje?"

"Nje kuna kuku wa mwenye nyumba, na baridi hii ya Mbinga ya mwezi wa saba. Ndani watazaa."

Mama Ephrasia alichungulia mlangoni, mikono kiunoni, akawaona wanaojinyonganyonga kwenye kiganja cha Nazari.

"Hedwiga! Nimekupangisha chumba, sikukupangisha kaburi!"

"Ni mbolea, mama."

"Mbolea inatembea?"

Tangu siku ile alipita mbele ya mlango huo akitema mate.

*

Wiki zilipita, na Hedwiga akaanza kuingiwa na hofu. Aliinua gunia kila asubuhi, akaona magazeti yamelainika kidogo tu. Yule Mnyasa wa ziwani anachezea maganda na mvua ya kwanza haimngoji, aliwaza. Siku moja waligombana, kwa sababu Nazari alimwambia mteja wa Hedwiga mbele ya watu kwamba mitumba hudumu kuliko nguo ya fundi.

"Subira," Nazari alisema kuhusu kasha. "Chungu cha mama kilichukua miezi."

"Chungu cha mama, chungu cha mama! Ninyi watu wa ziwani mtatufundisha sisi kilimo? Sisi tunaolima ukutani?"

Ni kweli, Wamatengo, kabila la Hedwiga, hulima milima mikali kama ukuta. Hukata majani, wakayapanga kwa mistari inayokatana, wakayafukia kwa udongo na kuacha mashimo katikati. Majani yanaoza chini na kulisha mahindi. Hiyo ndiyo ngolo, na Hedwiga alijifunza kabla ya kusoma. Basi alikwenda bondeni akakata majani mabichi mzigo mzima, akayapanga ndani ya kasha jinsi mama yake alivyomfundisha, akafukia kwa udongo, akashindilia kwa viganja mpaka kasha likajaa. Hakumwambia Nazari. Alilala akiona fahari.

Wakati huo alikuwa pia na kazi kubwa ya magauni meupe. Askofu alitarajiwa Jumapili kutoa kipaimara, na akina mama wengi walimpa Hedwiga vitambaa. Ijumaa magauni yalikuwa tayari, yamepigwa pasi, yamekunjwa kwenye beseni kubwa sakafuni.

Kulipopambazuka Jumamosi, alikanyaga kitu chenye utelezi. Akafungua dirisha. Sakafu nzima ilikuwa inatambaa. Walikuwa ukutani, chini ya mlango, kwenye viatu, na beseni la magauni lilikuwa jekundu kwa nyungunyungu waliojichimbia kwenye mikunjo, kila mmoja akiacha mchirizi wa matope kwenye kitambaa cheupe.

Mayowe ya kwanza yalikuwa ya Mama Ephrasia. Mmoja alikuwa ameingia kwenye kikombe chake.

Akina mama walipofika kuchukua nguo, waliyakuta magauni kwenye maji ya sabuni na Hedwiga akiyasugua huku machozi yanamtiririka.

"Yatakauka, mama zangu. Yatatakata."

"Mwanangu avae minyoo mbele ya Baba Askofu?" mmoja akafoka. "Wadudu wa kaburini hawa!"

"Kamzika mama yake juzi," mwingine akasema, wala hakushusha sauti. "Nani anajua amerudi na nini?"

Mama Ephrasia alilikokota kasha mwenyewe, akalibwaga kichwa chini nyuma ya choo.

Saa sita hivi Hedwiga alitoka kwenda kutafuta uzi, na pale sokoni akasimama kama aliyepigwa. Akina mama wale wale walikuwa wamejipanga mbele ya meza ya Nazari. Kila mmoja alikuwa na gauni jeupe la mtumba mkononi.

"Kumbe!" Sauti yake ilikata soko zima. "Kumbe ndiyo sababu! Umeniingizia minyoo yako ndani, ukaweka magauni yako tayari!"

Nazari aligeuka, bado anatabasamu kwa mteja. "Hedwiga, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Mwizi! Muuza maiti! Ulinichekea wiki zote hizi ili uiue kazi yangu!"

"Mimi? Nilikufundisha bure! Hao wamekimbia, nyungunyungu hakimbii nyumba nzuri. Uliwafanya nini?"

"Niliwafanya nini? Watu wa ziwani ninyi, mkono mmoja unatoa samaki, mwingine unaiba nyavu!"

Watu walikuwa wamezunguka. Wengine walipanda juu ya marobota ili waone vizuri. Nazari aliona wateja wake wanaanza kurudisha magauni mezani, na hasira ikamtangulia akili.

"Bora mimi, naleta nguo tu za wafu," alisema. "Minyoo ya wafu umeileta wewe kutoka Litembo, ulipomzika mama yako."

Hata wale waliocheka kwa mazoea hawakucheka. Hedwiga alivua futi shingoni, akamchapa nayo usoni mara moja. Alama ilibaki nyekundu, imenyooka kama mstari wa chaki. Kisha akaondoka bila kukimbia.

Siku chache baadaye Nazari alimwachia rafiki yake meza, akashuka Lituhi.

*

Hedwiga alibaki barazani na cherehani isiyo na kazi. Mama Ephrasia alimpa mpaka mwisho wa mwezi ahame. Jioni moja alikwenda nyuma ya choo na shoka, alipasue kasha lile liwe kuni.

Alilisukuma kwa mguu. Bonge la majani na udongo likaporomoka, na mvuke ukapanda. Hedwiga aliinama. Akaingiza mkono kati ya majani, akautoa haraka. Palikuwa pa moto kama ugali uliotoka jikoni.

Akakaa chini, kwenye majani makavu, shoka mapajani. Mlimani ngolo ni pana. Joto la majani linapotea kwenye udongo na upepo. Hapa alilifungia ndani ya mbao, akalishindilia. Wale viumbe walikuwa wakikimbia jiko alilowawashia yeye mwenyewe.

"Usishindilie," alisema peke yake. Alikumbuka vidole vya Nazari vikilegeza magazeti. "Wanapumua, kama wewe."

Alifunua gunia lililotupwa pembeni, lililolowa umande. Chini yake, kwenye ubaridi, palikuwa na kifundo cha nyungunyungu kama nusu konzi. Hedwiga aliwabeba kwa viganja viwili kama anayepokea komunyo.

Alianza upya. Alichana magazeti, akayakamua, akayatia yakiwa yamelegea. Alitoa maganda kidogo na kusubiri. Mama Ephrasia alipomfokea, alijibu, "Nihamishe mwisho wa mwezi, mama, kama ulivyosema. Leo bado." Mwisho wa mwezi ulipofika, chumba hakikunuka, kikombe cha mwenye nyumba kilikuwa salama, na Hedwiga alikuwa amemshonea blauzi. Mama Ephrasia hakutaja tena kuhama, ila aliendelea kutema mate.

Lakini jambo moja lilibaki: kuzungumza na Nazari. Lituhi hakukuwa na simu. Kulikuwa na redio ya upepo ya misheni tu, ambayo kwayo vituo viliitana asubuhi kuulizia wagonjwa na mafuta ya gari. Hedwiga alivaa gauni lake la kijani la Jumapili, kana kwamba ataonekana, akaenda misheni kwa Bruda Kilian, aliyeiendesha redio hiyo.

Ilichukua asubuhi mbili mpaka Nazari alipopatikana na kuletwa kwenye kituo cha Lituhi.

"Ukibonyeza hapa unasema," Bruda Kilian alimweleza. "Ukimaliza, sema ova, uachie. Hapo ndipo yeye ataweza kusema."

"Hawezi kunikatiza?"

"Hawezi. Na wewe huwezi kumkatiza."

"Basi hiki chombo tungekuwa nacho tangu mwanzo."

Akabonyeza. "Nazari, mimi Hedwiga. Nyungunyungu wako hawakuwa na kosa. Nilishindilia majani mabichi kama ngolo, kasha likawaka moto. Nilikusingizia mbele ya watu. Lakini lile neno juu ya mama yangu sikukusingizia. Ulilisema kwa mdomo wako, na kila nikilala nalisikia. Nimemaliza. Ova."

Redio ilikwaruza. Bruda Kilian alijifanya anatafuta miwani.

"Hedwiga." Sauti ilikuja mbali, imechujwa kama kupitia nguo. "Lile neno halikuwa langu... hapana, lilikuwa langu. Nalirudisha, kama neno linarudi. Mama yangu amelisikia kwa wapita njia, hajaniwekea chakula mpaka leo, nakula kwa jirani. Magauni niliuza, hilo siliombei radhi. Watoto wangekwenda uchi? Na uso wangu bado una mstari. Ova."

"Ulistahili mstari. Ova."

"Najua. Wamebaki wangapi? Ova."

"Konzi moja. Sasa wamezaa. Ila kasha moja halitatosha, na mawingu yameanza kukaa Litembo. Ova."

Sauti ya tatu iliingia, ya sista wa kituo kingine, imejaa hasira: "Nyie wachumba, pwani yote ya ziwa inawasikiliza! Tuna mgonjwa hapa, oaneni mtuachie njia! Ova!"

Hedwiga aliachia kitufe kana kwamba kimemchoma. Kutoka Lituhi kilisikika kicheko, kisha sentensi moja tu.

"Nakuja na chungu. Ova."

*

Alikuja, baiskeli imebeba chungu cha mama yake kimefungwa kwa gunia bichi. Hawakukumbatiana. Hedwiga aliutazama ule mstari, sasa umefifia, akasema, "Umekonda."

"Chakula cha jirani."

Wakapigilia kasha la pili. Waligombana kuhusu ukubwa wa matundu.

Mvua ya kwanza iliponyesha Mbinga, walikuwa na gunia moja na nusu la kitu cheusi, laini, kisichonuka, chenye harufu ya msitu baada ya manyunyu. Walilikokota kwa baiskeli hadi Litembo, wakipokezana kusukuma kwenye miinuko, matope mpaka magotini.

Mzee Mansuetus alikuwa tayari shambani na wanawe, majembe mikononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hiyo ndiyo mbolea?" Alifungua gunia, akachota, akacheka bila furaha. "Hii ya kutia kwenye kikombe? Na huyu nani?"

"Nazari, mzee. Wa Lituhi. Shikamoo."

"Mwanglikana. Mla samaki." Hakuitikia. "Shamba lina miti mingapi, Hedwiga? Umeleta ya miti mingapi?"

Hedwiga alitazama mteremko mzima wa kahawa yenye majani ya manjano. Alikuwa amelijua jibu tangu waliposhona mdomo wa gunia.

"Ile inayomzunguka mama."

"Basi tia hiyo. Mingine nang'oa. Nilisema ukileta utie. Sikusema nitasimamisha mvua."

Na akang'oa. Wanawe waliingia mstari kwa mstari, na mizizi ikakatika kwa sauti ya mifupa. Hedwiga alipiga magoti kwenye kaburi, akaitandaza ile mbolea kuzunguka kila shina, akaifunika majani makavu, yaliyolegea. Hakushindilia. Majembe yalikuja karibu, yakafika hatua chache kutoka mgongoni mwake, yakasimama.

Nazari alimaliza kumwaga gunia, akasimama mbele yake, mvua inamchuruzika puani. Akafungua mdomo. Hedwiga alikuwa na maneno makali tayari ulimini, dhidi ya baba mdogo, dhidi ya mvua, dhidi yake pia. Akayameza.

"Sema," alisema. "Sema yote. Nitasubiri."

"Sina nyumba," Nazari alisema. "Ninauza nguo za wafu, na wewe nguo zangu huzipendi. Mdomo wangu umewahi kukuua mara moja, na siwezi kuapa kwamba hautajaribu tena. Baba yako mdogo hanitaki, na mama yangu anasema Wamatengo ni wabishi. Nataka kukuoa. Kila msimu tulete gunia hapa, hata kama ni la kikombe, mpaka hii miti ijue kwamba ina watu." Alisita. "Ova."

Hedwiga alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo mweusi.

"Umesahau kusema mimi ni mzuri," alisema. "Nimekubali. Ova."

Waliishi Mbinga, chumba kile kile kisha vyumba viwili, na majirani hawakuwahi kusinzia mapema kwa ubishi wao. Miti ile ya kaburini ilirudi kuwa kijani, ikazaa. Nazari alifariki mwaka wa mvua nyingi, kwa ugonjwa wa siku chache, akazikwa kwao Lituhi, mbali na kahawa.

Makasha bado yapo ndani, na chungu kiko nyuma ya mlango. Asubuhi Hedwiga huinua gunia, hufukia maganda pembeni, hulegeza magazeti kwa vidole. Humwambia Nazari habari za mji, bei ya kahawa, nani kaharibu kitambaa cha nani, nani anastahili kuchapwa futi. Akimaliza hunyamaza, mkono juu ya kasha, muda ule ule ambao mtu huhitaji ili ajibu.